Jenerali China: Jamaa wa Mlima Kenya Aliyejua Mchuma Gani Utakuweka Hai Msituni na Gani Utakupeleka Kitanzini

Hii stori ni ya mlima wenu.

Ukisimama kwa shamba la waru pale Kibirichia asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, unaona msitu umeuvaa mlima kama kabuti nzito, na juu kabisa barafu inang'aa. Sasa jiweke 1953. Umeambiwa uingie huko ndani ukae miezi, pengine miaka. Kuna baridi ya kupasua mifupa, kuna mvua, kuna ndovu, nyati na kifaru, na kuna jeshi la Uingereza linakusaka na ruhusa ya kukupiga risasi bila maswali. Unaruhusiwa kubeba mchuma mmoja tu. Utabeba upi?

Najua jibu lako. Umeona kwa muvi, umecheza kwa simu, unataka ile inamwaga njugu mfululizo kama mvua ya mawe. Kuna jamaa mmoja angekutazama akatikisa kichwa. Anaitwa Waruhiu Itote, lakini dunia ilimjua kwa jina moja tu: Jenerali China. Ndiye aliyeongoza wapiganaji wa Mau Mau kwenye Mlima Kenya, na kabla ya hapo alikuwa amefunzwa bunduki na Waingereza wenyewe. Twende pole pole.

Kijana wa Kaheti aliyehepa kwenda Nairobi

China alizaliwa 1922 kijiji cha Kaheti, Mukurwe-ini, kaunti ya Nyeri ya leo. Shule hakuipata sana. Kama wewe ni wale tulitoka chuo kabla chuo hakijatutoa, hapo mnaelewana. Alipofika umri wa kujitafuta alishuka Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1930 kama vijana wote wanavyofanya mpaka leo, akajaribu biashara ndogo ndogo, akaona vile mtu mweusi anavyozungushwa na leseni, kipande na kodi ndani ya mji uliojengwa na jasho lake.

Vita vya Pili vya Dunia vikawaka. Mwaka wa 1942 akaingia jeshi, King's African Rifles. Wazee wetu hawakuwa na muda wa kutamka jina refu hivyo, wakaliita Keya. Babu wa Keya ni huyo.

Burma si nyama choma peke yake

Wewe Burma unaijua kwa sababu ya soko la Nairobi lenye nyama tamu. China aliijua yenyewe. Wanajeshi wa Afrika Mashariki walipelekwa Ceylon, ile sasa ni Sri Lanka, halafu wakasukumwa mpaka Burma kupigana na Wajapani. Mwaka wa 1944, katikati ya mvua za masika ya huko, walishuka Bonde la Kabaw wakielekea Kalewa. Matope yalifika magotini, malaria ilikuwa inaangusha wanaume kuliko risasi, na adui alikuwa anajua kukaa kimya kichakani mpaka umkanyage.

Huko ndiko shule ya China ilikuwa. Silaha ya kawaida ya mwanajeshi wa Keya ilikuwa Lee-Enfield, raifo ya risasi za .303. Unavuta komeo, unapiga moja, unavuta tena. Inabeba risasi 10. Haina haraka, lakini ni ngumu kama jembe. Kwa matope na mvua bado inafanya kazi, na ukilenga vizuri inafika mbali.

Alijifunza pia vile msitu unavyobadilisha hesabu ya bunduki. Kwa uwanja ulio wazi, anayeona mbali ndiye bosi. Kichakani hauoni mita 20 mbele. Anayesikia kwanza ndiye anarudi nyumbani.

Na alijifunza kitu cha tatu ambacho Waingereza hawakuwa wamekiweka kwa ratiba. Akiwa Asia alikutana na watu waliomuuliza swali la kuudhi, mmoja wao mwanajeshi mweusi wa Marekani: huku unapigania nchi ya nani? India ilikuwa inadai uhuru wake mbele ya macho yake. Alirudi Kenya na swali hilo kwa mfuko, na halikuwahi kutoka.

Kutoka kwa gari moshi mpaka kwa mlima

Baada ya vita hakuna aliyempa shamba. Wazungu waliopigana vita hivyo hivyo walikuwa wanagawiwa ardhi kwenye nyanda za juu. Yeye alipata kazi ya reli, kuwasha moto wa injini ya gari moshi. Akaingia siasa za KAU, akajiunga na vijana moto wa Nairobi waliojulikana kama kundi la Forty, akala kiapo.

Agosti 1952, miezi miwili kabla ya serikali kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba, China alikuwa tayari ameingia msitu wa Mlima Kenya na kikundi kidogo cha vijana. Kimathi na Mathenge walikuwa upande wa Nyandarua. Mlima ukawa wa China, na chini yake wakakua makamanda kama Tanganyika na Kaleba. Pande za Embu na Meru nako vikundi vilikuwa vinajipanga kwenye msitu huo huo unaouona ukiwa Kibirichia.

Shida ilikuwa moja. Vijana walikuwa wengi. Michuma ilikuwa ya kuhesabu.

Sasa chagua, lakini chagua kama China

Hebu tupitie kile kilichokuwepo, moja baada ya nyingine, ujue kwa nini muvi zinakudanganya.

*Stengani.* Hii ndiyo ungeichukua wewe. Fupi, nyepesi, inamwaga. Askari wa serikali walikuwa nayo, na wapiganaji waliinasa kadhaa, kwa mfano Machi 1953 walipovamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakafungua mahabusu na kuhepa na lori lililojaa silaha. Lakini jiulize: inakula nini? Stengani inamaliza risasi 30 kabla hujamaliza kupiga chafya. Msituni hakuna duka. Ukishamwaga zote, umebaki na kipande cha chuma na adui anayejua sasa uko wapi.

*Raifo ya .303.* Hii ndiyo mtu wa Keya angeitafuta kwanza, na sababu kubwa haiko kwa bunduki, iko kwa risasi. Jeshi, polisi na hata homugadi walikuwa wanatumia .303. Maana yake adui wako ndiye stoo yako. Kila risasi iliyoibiwa kambini, iliyouzwa na askari mwenye njaa ya doh, ama iliyopitishwa na akina mama chini ya kikapu cha mboga kutoka Nairobi mpaka ukingo wa msitu, ilikuwa na nafasi kubwa ya kuingia kwa raifo yako. Ukiwa na bunduki ya ajabu yenye risasi za ajabu, utaibeba kama mtoto mgonjwa mpaka utaitupa.

*Bunduki za masetla.* Kwa mashamba ya wazungu kulikuwa na raifo kubwa za kuwindia na shotigani. Kwa karibu shotigani ni noma kabisa, na kichakani kila kitu ni karibu. Lakini risasi zake ni nene, nzito, na ukibeba nyingi huwezi kukimbia. Zile raifo za ndovu nazo zinapiga sana, ila risasi zake utazipata wapi tena baada ya kumaliza zile tano ulizokuta kwa droo?

*Bastola.* Mguu wa kuku unaonekana fiti kwa kiuno cha kamanda. Inaficha vizuri, ni nyepesi, na inamwambia kila mtu nani ni mkubwa. Kwa umbali wa msituni, na mkono unaotetemeka kwa baridi, haikupeleki popote. Shika hapo kwa bastola, tutairudia, kwa sababu kuna mtu mkubwa ilimgharimu shingo.

*Ile ya kujitengenezea.* Hapa ndipo stori inakuwa yetu. Mafundi wa Mau Mau, wengine kutoka karakana za Nairobi na wengine wahunzi wa kijijini, walitengeneza bunduki kwa vipande vya bomba la maji, mbao iliyochongwa, komeo la mlango na raba ya tairi. Ilipiga risasi moja. Wakati mwingine ilipiga mbele, wakati mwingine ilipasuka usoni mwa aliyeishika. China alikuwa amebeba raifo ya kiwanda kule Burma, kwa hivyo alijua vizuri kabisa vile hizi zilivyokuwa hatari kwa mwenyewe. Bado zilitengenezwa kwa mamia, na akili iko hapa: mbali kidogo, gizani, askari wa homugadi hawezi kujua ni bomba la maji ama ni Lee-Enfield. Anaona vivuli 20 vyenye bunduki, anahepa, anaacha yake ya kweli nyuma. Bunduki feki ilikuwa inazaa bunduki halisi.

*Panga, simi, upinde.* Wengi hawakuwahi kushika mchuma hata siku moja. Usiwadharau. Panga inakata kuni, inajenga kibanda, inachinja, inapigana, na haiishiwi njugu.

Kwa hivyo ukitaka sheria ya msituni kwa ufupi, mambo ni matano: risasi zake zinapatikana? Utaweza kuibeba ukipanda mlima na njaa? Itafanya kazi ikiloa? Ikiharibika utaitengeneza mwenyewe? Na sauti yake, je, utaweza kuilipia?

Sauti ni bei

Hilo la mwisho ndilo wasee wa muvi hawalijui. Ukiona swara msituni na una njaa ya siku tatu, unapiga? Wapiganaji waliokaa sana hawakupiga ovyo. Walitega mitego ya kamba na waya, walitafuta asali, walingoja chakula kutoka kwa akina mama wa vijijini. Mlio mmoja wa bunduki unasafiri bonde lote. Umekula swara leo, kesho doria iko kwa mlango wako.

Wanyama wenyewe wakawa walinzi. Ndege wakinyamaza ghafla, nyani wakipiga kelele, mtu aliyekaa msituni anajua kuna mgeni. Mgeni huyo, akiwa mwanajeshi aliyetoka Lancashire wiki iliyopita, ananuka sabuni na sigara na anaweza kukanyagwa na kifaru kabla hata hajaona mpiganaji. Ndiyo maana serikali iliacha kutegemea miguu peke yake, ikaleta ndege za Harvard, na kufikia Novemba 1953 zile kubwa za Lincoln, zikamwaga mabomu juu ya miti. Hakuna mchuma wa kujitengenezea unaofika kule juu. Baadaye wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki refu kando ya msitu, likapandwa vijiti vyenye ncha kali, ili chakula kisipande na mtu asishuke.

Risasi mbili

15 Januari 1954, karibu na Karatina, kikundi cha China kiligongana na askari wa serikali. Risasi ikampata shingoni. Akakamatwa akiwa hai.

Sasa sikia vizuri. Sheria ya hali ya hatari ilikuwa imefanya kukutwa na silaha ama hata risasi kuwa kosa la kifo. Mwanaume aliyeongoza maelfu msituni alipofikishwa kortini Nyeri, mashtaka hayakuhitaji kusema mambo mengi. Alikuwa pamoja na watu wenye silaha, na alikuwa na risasi mbili. Mbili tu. Tunasema akiba haiozi, lakini akiba hiyo ilitosha kumhukumu kunyongwa.

Na haikuwa maneno matupu. Zaidi ya Wakenya 1,000 walinyongwa wakati wa hali ya hatari. Wengi wao hawakuua mtu. Walikutwa na kitu mfukoni, ama walikutwa wamesimama na mtu mwenye kitu mfukoni.

Hapa ndipo watu hukosana kuhusu China

Akiwa na jeraha shingoni, China alikalishwa na Ian Henderson, polisi mzungu aliyelelewa Kenya na kuongea Gikuyu kama mwenyeji. Walibonga kwa saa 68. China akaeleza mambo mengi kuhusu jeshi la mlima: mpangilio wake, makamanda wake, mahali chakula kilitoka. Halafu akakubali kuandika barua kwa wenzake msituni, wakutane na serikali, wazungumze.

Machi 1954 hukumu yake ya kifo ikaondolewa, ikawa kifungo.

Kwa lugha ya mtaa, alichomea mbogi? Kuna wapiganaji waliosema ndiyo mpaka wakaingia kaburini. Nakuwekea upande wa pili uamue mwenyewe. Huyu alikuwa mwanajeshi aliyejua hesabu ya risasi kuliko mtu yeyote mlimani. Alijua ni vijana wangapi wana raifo na ni wangapi wana bomba la maji. Alikuwa ameona Lincoln zikipita juu. Alijua stoo yao ni adui, na adui alikuwa anaanza kufunga stoo. Ukiwa na hesabu hiyo kichwani, kutafuta mazungumzo wakati bado una jeshi la kuogopwa si lazima iwe woga. Pia ni kweli kwamba kila alichosema kilikuwa na uwezo wa kumuua mtu aliyemwamini. Yote mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja.

Mazungumzo yalianza. Kaleba na Tanganyika walihusika. Lakini Aprili 1954 mapigano yakazuka kati ya jeshi na wapiganaji waliokuwa wamekusanyika, watu wakafa, na waliobaki wakaamini ulikuwa mtego. Kila mtu akarudi kichakani. Tarehe 24 Aprili Waingereza wakazingira Nairobi kwa ile Operesheni Anvil, wakafungia zaidi ya watu 20,000 kambini. Njia ya dawa, nguo na njugu kutoka mjini ikakatika. Hesabu ya China ikawa imetimia, kwa njia mbaya.

Darasa la Lokitaung

Yeye akapelekwa Lokitaung, kule juu Turkana karibu na mpaka, jua likichoma mawe. Huko akakuta wafungwa wazito: Jomo Kenyatta, Paul Ngei, Bildad Kaggia, Fred Kubai na Kung'u Karumba. Jamaa ambaye shule ilimpita utotoni sasa akapata mwalimu wa Kiingereza, na mwalimu ni Kenyatta mwenyewe. Akasoma jela akiwa mtu mzima mwenye kovu shingoni.

Aliachiliwa 1962. Baada ya hapo akapelekwa Israel kwa mafunzo, na ile huduma ya vijana kwa taifa, NYS, ilipoanzishwa 1964 akawa mmoja wa wakubwa wake. Wewe uliyepita NYS ama uliyetuma maombi ukakosa, jua kwamba gwaride lile liliwahi kusimamiwa na jenerali wa msituni. Mwaka wa 1967 akatoa kitabu cha maisha yake, Mau Mau General, na 1979 kingine. Akafa 1993, kitandani, mzee, jambo ambalo mtu aliyeishi na bunduki haahidiwi.

Wengine walichagua tofauti

Nilikuambia tutarudi kwa bastola. 21 Oktoba 1956, Dedan Kimathi alipigwa risasi mguuni na kukamatwa na askari wa utawala, Ndirangu Mau. Kilichompeleka kitanzini kortini Nyeri kilikuwa bastola ya Webley na risasi sita. 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Kaburi lake lilifichwa kwa miaka mingi.

Upande wenu wa Meru, Musa Mwariama wa Tigania hakukamatwa kabisa. Alikaa msituni miaka yote hiyo mpaka uhuru, akatoka Desemba 1963, na ile picha yake na Kenyatta, nywele zimesokotana kama mizizi, umeiona mara nyingi bila kujua ni nani. Alifariki 1989. Mwenzake Baimungi alitoka pia, akaangalia ardhi vile inagawanywa, hakuridhika, akarudi msituni na silaha zake. Mapema 1965 akauawa. Waliomuua hawakuwa Waingereza. Walikuwa askari wa Kenya huru.

Angalia hao wanne. Mlima na Nyandarua, msitu mmoja wa baridi, michuma ile ile ya kubahatisha. Mmoja aliongea akaishi na kubishaniwa. Mmoja alinyongwa kwa bastola. Mmoja alijificha akamaliza. Mmoja alikataa kuweka bunduki chini, na waliomuua ni serikali aliyoipigania.

Kwa hivyo kijana wa Kibirichia, ukiulizwa tena ungebeba mchuma gani, usikimbilie ule unaopiga sana. Uliza risasi ziko wapi, uliza mvua, uliza sauti. Halafu uliza kile China alilazimika kukijibu akiwa na risasi mbili mfukoni na kamba mbele yake: siku risasi zitaisha, na zitaisha, utakuwa umebaki na nini mkononi?